Hizo PDF za vivumishi vya Kijerumani

Magrupu ya WhatsApp ya wanaojiandaa kwa B1, mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha kati, hapa Nairobi yamejaa ile PDF: Kiingereza kushoto, Kijerumani kulia. Hot, heiß. Basi, imeisha. Halafu mtu anaandika "ein heiß Kaffee" na alama zinapotea. Baada ya "ist" (yaani "ni"), sawa, heiß inabaki hivyo hivyo. Kikitangulia nomino, kivumishi lazima kivae kiambishi: ein heißer Kaffee, der heiße Kaffee, mit heißem Kaffee. Na pilipili kali, ambayo kwa Kiingereza pia ni hot, je? Hiyo ni scharf. Ukisikia joto, sema "mir ist heiß". "Ich bin heiß" ni kumtangazia mtahini ashiki zako! Na sisi wenye mzuri, kizuri na vizuri tunafundishwa kana kwamba upatanisho ni kitu kigeni.