Usiniambie Hujui Kuchora

Wiki tatu za mwisho za uhai wa baba nilizimaliza kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake. Muda mwingi alikuwa amelala. Simu niliichoka siku ya pili. Siku ya tatu nikatoa bahasha kwenye mkoba, nikachukua kalamu ya wino wa buluu, nikaanza kuchora mkono wake wa kulia uliokuwa umelazwa juu ya shuka.

Sikuwa nimechora kitu tangu utotoni. Nikiwa na miaka tisa mwalimu aliinua daftari langu mbele ya darasa zima, darasa likacheka, nami nikaamua kwamba kuchora si kazi yangu. Lakini kando ya kile kitanda hapakuwa na wa kucheka. Nikaanza na kidole gumba. Ukucha wake ulikuwa na mfereji mwembamba kuanzia shinani mpaka nchani. Kidole cha pete kilikuwa kimepinda kidogo, kimemwegemea mwenzake. Juu ya kiganja mshipa mmoja ulipanda kutoka kwenye kifundo ukagawanyika njia panda. Mkono ule ulinishika nikijifunza kutembea, nimeupokea mara ngapi sijui katika salamu, na kumbe sikuwa nimewahi kuuangalia.

Alipoamka akaniuliza, "Unaandika nini?" Nikamwonyesha. Akaitazama bahasha kwa muda, kisha akauweka mkono wake kando ya mchoro, akalinganisha.

"Huo ukucha niliubana mlangoni nikiwa na miaka kumi na miwili," akasema. "Bibi yako alilia kuliko mimi."

Nikamwambia, "Hukuwahi kutusimulia, baba."

"Hakuna aliyeuliza."

Tukaongea karibu saa nzima siku ile, kuhusu mama yake, kuhusu nyumba waliyokulia. Mchoro wenyewe si mzuri. Vidole vimetoka vinene kuliko vilivyokuwa na kifundo kimekaa upande. Lakini bila huo mchoro nisingeuona ule mfereji, na bila kuuona nisingeipata ile saa.

Ndiyo maana siwezi tena kunyamaza mtu anaposema sanaa ni ya wenye vipaji. Tumejizoesha kuigawa dunia mafungu mawili: wachache wanaochora, kuimba na kucheza, na sisi wengine wa kukaa kwenye viti na kupiga makofi. Nawapenda wenye vipaji, na kazi zao zimenishika mkono katika nyakati ngumu. Ila kutazama ni nusu tu ya jambo, na naamini ni nusu ndogo. Ukichora kitu unalazimika kukikubali jinsi kilivyo. Ukitunga mistari minne kuhusu mtu uliyemkosea, kabla hujafika wa nne utakuwa umejua kosa lilikuwa wapi.

Katika mapango ya kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kuna alama za viganja zenye umri usiopungua miaka 39,000. Mtu aliuweka mkono kwenye mwamba, rangi ikapulizwa juu yake, akauondoa, umbo la kiganja likabaki. Kazi hiyo haidai kipaji, inadai mkono na pumzi. Alama za namna hiyo zipo pia katika pango la Gargas, Ufaransa, na mojawapo ni ya kiganja cha mtoto mchanga. Mtoto yule hakujipeleka ukutani. Kuna mtu mzima aliyembeba mpaka ndani ya giza, akaukunjua ule mkono mdogo, akaushikilia pale mpaka rangi imalizike. Nikilifikiria jambo hilo nashindwa kabisa kuelewa wanaoiita sanaa anasa, kitu cha kusubiri mpaka mambo mengine yote yawe sawa.

Hoja yao naijua: watu kwanza wapate dawa, kazi, usalama, ndipo tuzungumzie michoro. Basi waangaliwe wanawake wa Chile. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1973 watu wengi walikamatwa na hawakuonekana tena. Mama zao, wake zao na dada zao walizunguka kwenye magereza na ofisi wakiuliza, wakajibiwa kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Jijini Santiago, chini ya hifadhi ya kanisa, wakaanza kukutana na kushona. Walichukua kitambaa cha gunia, wakashonea juu yake vipande vidogo vya nguo: watu, nyumba, askari, milima ya Andes kwa nyuma. Wengine walikata shati au suruali ya yule aliyetoweka. Kazi hizo, zinazoitwa arpillera, zilivushwa nje ya nchi kwa siri, zikauzwa, na pesa ikarudi kulisha nyumba zilizobaki bila mtafutaji. Na zikapeleka habari ambazo magazeti ya Chile hayakuthubutu kuandika.

Hawakuwa na usalama wala kazi. Walikuwa na sindano, na walikuwa na wenzao kwenye duara. Mwanamke aliyekuwa akilia peke yake jikoni sasa alilia huku mwingine akimpitishia uzi. Hapo ndipo ninapoiona faida ya sanaa kwa jamii: inawapa watu sababu ya kukaa pamoja mikono ikiwa na shughuli, na mikono ikiwa na shughuli ulimi hulegea.

Waliowahi kuimba kwaya wanaijua hali hiyo hata bila kuelezwa. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walipima mioyo ya waimbaji wakiimba pamoja, wakaona mapigo yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo huwafanya wote wavute pumzi sehemu moja. Anayeimba sauti ya tatu na kukosea nusu ya noti amo humo.

Kuna kitu kimoja katika Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 ambacho ningependa kila mwalimu akisome. Kifungu cha 27 kinampa kila mtu haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni ya jamii yake na kufurahia sanaa. Kushiriki kumetangulia. Kwa hiyo unapomcheka mtoto wa miaka tisa kwa sababu farasi wake ana miguu mitano, jua unagusa haki yake. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka 30 kuirudia, na nikairudia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Bahasha ninayo mpaka leo. Baada ya mazishi dada yangu aliniomba nakala. Nikamwambia nitampa, ila naye achore wa kwake kwa kumbukumbu. Akasema yeye hajui kuchora, na kwa miezi miwili hakuligusa tena jambo hilo. Juzi usiku akanitumia picha ya karatasi yenye mistari, iliyofutwa na kufutwa mpaka imechanika pembeni. Ni mkono wa kushoto. Yeye alikuwa akikaa upande ule mwingine wa kitanda.