Ombaomba wa kijiji cha Downe

Mwaka 1855 nyumba ya Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, kijijini Downe huko Kent, ilikuwa na chupa za maji ya chumvi zenye mbegu ndani: figili, kabichi, karoti, vitunguu, saladi. Swali lake lilikuwa la kitoto kabisa. Mbegu ikilowa baharini wiki kadhaa, kisha mawimbi yakaitupa ufukweni, itaota? Mtu wa pwani aliyewahi kukuta nazi imeletwa na maji ikachipua palepale mchangani angempa jibu bila kuinuka mkekani. Lakini wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana jinsi mimea ilivyofika visiwani, na wapo waliokuwa radhi kuzamisha mabara mazima vichwani mwao ili tu mimea ipate pa kupita.

Rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, alikuwa na shaka kwamba mbegu zingepona. Watoto wa Darwin wakaigeuza habari hiyo kuwa mechi, kila mara wakimuuliza baba yao: utamshinda Dokta Hooker? Kwa kiasi fulani alimshinda. Katika hesabu aliyoitoa baadaye, kati ya aina 87 alizolowesha siku 28, aina 64 ziliota. Ila katikati ya furaha hiyo akagutuka: mbegu nyingi zilikuwa zikizama! Mbegu iliyozama haisafiri, hata kama ingali hai. Akamwandikia Hooker akilalamika kwamba amehangaika bure kuzitia chumvi hizo mbegu zisizo na shukrani.

Barua hiyo ya mbegu ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Shuleni tulionyeshwa picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe, tukaambiwa aliwaza jambo kubwa: kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi. Nikamdhania mtu wa kujifungia peke yake, kama sufii pangoni. Barua zake zinamwonyesha mtu mwingine. Zimebaki takriban 15,000, alizoandika na alizoandikiwa, kati yake na watu wapatao 2,000. Za yeye na Hooker peke yao ni kama 1,400, kuanzia 1843 hadi Darwin alipofariki mwaka 1882. Fungua yoyote aliyoandika yeye na mara nyingi utakuta ombi. Nitumie mbegu. Nihesabie spishi za kisiwa fulani. Waulize wafugaji wa njiwa. Samahani kwa usumbufu, na sasa naomba jingine.

Alikuwa ombaomba. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nimefika mahali pa kuamini kwamba urafiki ule ulijengwa na kule kuomba.

Nikiwa sekondari nilikuwa na rafiki wa barua, tukiandikiana kwa S.L.P. za shule. Nusu ukurasa ilikuwa salamu nyingi kama mchanga wa bahari, robo ikawa madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, na robo iliyobaki ndiyo barua. Mwaka wa kwanza tuliombana karatasi za mitihani iliyopita, tukatafutiana, tukalaumiana kwa kuchelewesha. Baadaye kila mmoja akawa na zake, tukabaki na salamu tupu. Hatukugombana. Barua zilikwisha tu.

Darwin na Hooker hawakuwahi kukosa cha kuombana. Tena waliishi wakati mzuri wa kuomba. Kabla ya 1840, Uingereza barua kwa kawaida ililipiwa na aliyeipokea, na bei ilitegemea umbali. Kumwandikia mtu maswali ishirini ilikuwa sawa na kumtumia ankara. Mwaka huo ukaja utaratibu mpya: barua ya nusu wakia kwa peni moja, popote ndani ya nchi, na anayelipa ni mwandikaji. Bila peni ile, sidhani kama Darwin, mgonjwa wa tumbo asiyependa kutoka kwake, angeweza kuukusanya ulimwengu mzima katika chumba chake cha kusomea.

Walipoanza kuandikiana Hooker alikuwa kijana wa miaka 26, ametoka tu katika safari ya miaka minne kwenye bahari za kusini ndani ya meli ya Erebus. Kabla ya safari hiyo alikuwa ameshamhusudu Darwin: alisoma habari za safari yake zikiwa bado katika karatasi za mpigachapa, akilala nazo chini ya mto ili azisome mara akiamka. Darwin akamkabidhi mimea aliyoikusanya visiwa vya Galápagos aichambue. Na katika barua ya Januari 11, 1844, katikati ya maswali ya mimea, akapenyeza sentensi iliyokuja kuwa maarufu: kwamba anakaribia kuamini kuwa spishi hubadilika, na kulisema hilo ni kama kukiri kuwa umeua mtu.

Fikiria alivyomchagua. Hakuwa rafiki wa utotoni wala mwalimu wake wa Cambridge. Alikuwa kijana waliyefahamiana kwa barua chache tu. Hooker naye hakushtuka wala hakushangilia. Alijibu kwa utulivu kwamba angependa kusikia mabadiliko hayo yangetokeaje, kwa kuwa hakuna maelezo yoyote aliyoyasikia yaliyomridhisha. Kwangu mimi jibu lile ndilo lililoweka msingi. Mtu amekukiria kuua, nawe unamwambia: haya, nieleze, ulimuuaje?

Alipozuru Downe, Hooker alikamuliwa. Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya kifungua kinywa Darwin alimwita chumbani, akatoa rundo la vikaratasi vya maswali na kuyapitia moja baada ya jingine kwa nusu saa. Nawaza sura ya mwenyeji wetu yeyote huku kwetu akimfanyia hivyo mgeni kabla chai haijashuka! Hooker aliipenda hali hiyo. Alisema naye aliondoka na mengi.

Kuna na kisa cha mwaka 1859. Darwin alimpelekea Hooker sehemu ya mswada wa kitabu chake kikubwa kuhusu asili ya spishi aupitie. Kwa bahati mbaya karatasi zikaishia katika droo ambamo mama wa nyumba aliweka karatasi za watoto kuchorea. Watoto wakachora. Hooker alipogundua, karibu robo ya mswada ilikuwa imetoweka. Fedheha aliyokuwa nayo naielewa, na urafiki ulibaki palepale.

Lakini barua inayonikaba koo ni ya Septemba 1863. Binti mdogo wa Hooker, Minnie, alifariki akiwa na miaka sita, na saa moja tu baadaye baba yake alikaa akamwandikia Darwin. Alimwambia kwamba katika huzuni ile anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote. Alijua anamwandikia nani. Darwin alikuwa amempoteza Annie wake wa miaka kumi mwaka 1851. Miaka ishirini ya kuombana mbegu na orodha za mimea ndiyo iliyoifungua njia ya barua ile. Sisi tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huwa tunasahau kwamba mlango wa dhiki hauzoeleki siku ya dhiki yenyewe.

Baada ya kumsifu kiasi hiki, niseme na linalonisumbua. Urafiki ule ulikuwa wa duara, na nje ya duara kulikuwa na watu. Hooker akiwa mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, kuanzia 1865, alipokea mimea na barua kutoka kila pembe, ikiwemo Zanzibar, alikokuwa John Kirk, daktari aliyegeuka balozi. Kima punju wa Unguja mpaka leo anaitwa kisayansi Piliocolobus kirkii. Wazanzibari walimjua mnyama huyo kabla Kirk hajazaliwa, lakini jina la Kilatini hupewa anayeandika barua.

Alfred Russel Wallace naye aliishi ukingoni mwa duara. Hakuwa na mali wala chuo. Alikusanya wadudu na ndege visiwa vya Malay (leo Indonesia na Malaysia) akiwauza ili ale, akisaidiwa na kijana wa Sarawak aliyeitwa Ali. Mwanzoni mwa 1858, kutoka kisiwa cha Ternate, alimtumia Darwin makala yenye wazo lilelile ambalo Darwin alikuwa amelikalia miaka ishirini: kwamba spishi hubadilika kwa kuwa viumbe wanaoyaweza mazingira yao ndio wanaosalia na kuzaa. Naye alikuwa na ombi, dogo tu: ukiona ina maana, mpelekee rafiki yako Charles Lyell, mtaalamu wa miamba.

Darwin alimpelekea Lyell Juni 18, akiwa amevunjika moyo. Siku hizo hizo mwanawe mchanga aliugua homa nyekundu, akafa Juni 28. Lyell na Hooker wakalichukua jambo mikononi mwao. Julai 1, katika jumuiya ya Linnean, chama cha wataalamu wa viumbe jijini London, yakasomwa maandishi ya Darwin ya 1844, kisha kipande cha barua aliyomwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, mwaka 1857, halafu ndipo makala ya Wallace. Darwin alikuwa nyumbani na msiba. Wallace alikuwa ng'ambo ya dunia, hajui lolote.

Wapo wanaosema aliibiwa. Sikubaliani nao, maandishi ya Darwin ya 1844 yalikuwepo na Hooker alikwisha kuyasoma. Lakini hakuna aliyemuuliza Wallace, na waamuzi wote wawili walikuwa marafiki wa upande mmoja. Kwetu tunasema kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Hata hukumu ikiwa ya haki, harufu yake haiondoki. Darwin mwenyewe aliinusa: barua zake za wiki ile zimejaa aibu, akihofia kuonekana mtu duni.

Wallace alipopata habari alifurahi kweli, akamwandikia hata mama yake. Kitabu chake cha visiwa vya Malay, kilichotoka 1869, alikitabaruku kwa Darwin. Wengine huuona huo kuwa unyenyekevu uliopita kiasi. Mimi naona mtu aliyepima akaona kwamba kuingia katika duara lile kuna thamani kuliko kugombania tarehe.

Na duara lilimfaa, ingawa kwa kuburutwa. Kufikia 1879 Wallace alikuwa hana kipato cha kutegemewa, na Darwin akamuuliza Hooker kama wanaweza kumwombea pensheni serikalini. Hooker alikataa kwa ukali. Wallace alikuwa akiamini mizimu, na mwaka 1870 aliwekeana dau la pauni 500 na mtu aliyedai dunia ni bapa. Alilishinda lile dau na kupata miaka ya matusi na kesi. Darwin alinyamaza mwaka mzima. Mwaka 1880 Wallace akatoa kitabu kuhusu viumbe wa visiwani, akakitabaruku kwa Hooker. Hooker akalainika. Darwin, mzee wa miaka 71, mgonjwa, akarudi kwenye kazi aliyoijua kuliko zote: akaandika barua baada ya barua, akakusanya sahihi, akampelekea Waziri Mkuu Gladstone.

Jibu lilikuwa pauni 200 kwa mwaka. Darwin alimwandikia Wallace habari hiyo Januari 7, 1881. Wallace alimjibu kesho yake, siku aliyokuwa akitimiza miaka 58.