Poda ya Wa Kwanza

Mwalimu akikuletea simu umtengenezee, mtajie bei palepale, apokee simu yake, aende zake. Usikubali maneno ya "pita shuleni tuongee kidogo". Mimi nilipita.

Nina kabini huku Katuba, Lubumbashi. Nauza inite za kupigia simu na mega za intaneti, nabadilisha vioo, nawachajia simu wale ambao umeme wa kwao umelala. Mwalimu wa darasa la tano, kutoka shule moja ya prive, yaani ya binafsi, hapa jirani, aliniletea simu yenye ufa kutoka kona hadi kona. Pesa ya kioo kipya hakuwa nayo. Basi tukawa tunapiga stori, na katika stori akaniona naandika madeni ya wateja wangu kwenye jedwali ndani ya simu. Akanyamaza, akatazama, akauliza kama kitu kile kinaweza kuandika na pointi za watoto. Nikasema kinaweza hata kuzijumlisha. Kesho yake asubuhi Direkta wa shule mwenyewe alisimama mbele ya kabini, koti la suti juu, kandambili chini, ananiita "muhandisi".

Kwa asiyejua kazi ya mwalimu wa Kongo: kila somo lina fishi yake ya maandalizi. Kuna jurnali ya darasa, kuna daftari la mahudhurio, kuna daftari la pointi. Mwaka wa shule ya msingi una trimesta tatu, kila trimesta vipindi viwili, na mitihani juu yake, na vyote vinaandikwa kwa kalamu, kwa kila mtoto. La tano pale lilikuwa na watoto 47. Mama Mwalimu ana kibonge kwenye kidole cha kati kigumu kama kokwa ya embe. Nani atakataa kumsaidia mtu wa namna hiyo?

Jumamosi za kuwafundisha walimu zikaanza. Kupiga ubao picha walikuwa wakijua tayari. Kengele zilitushinda mapema: shule ile inagonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, nami nikawawekea walimu wote alamu ya kubadilisha somo, lakini kila mmoja akajichagulia mlio wake. Saa nne kamili likatokea jogoo, ikatokea kwaya, na simu ya mwalimu wa la pili ikaanza kulia kama kitoto kichanga. Majirani wakachungulia juu ya ukuta kuona nani amejifungua. Wakarudi kwenye rimu. Kisha nikawaonyesha namna ya kusema na simu ikaandika. Google ilianza kupokea Kiswahili cha sauti mwaka 2017, na mwalimu wa la tatu alikipenda sana kitu hicho mpaka siku aliyotunga fishi ya somo la wanyama wa kufugwa karibu na dirisha. Nje alikuwa anapita muuza makala, mkaa wa kupikia. Fishi ilipofika mezani kwa Direkta, mbuzi alikuwa na miguu minne, mkia mmoja, na bei ya gunia ikipunguzwa.

Ila jedwali lilifanya kazi. Tulitengeneza moja la shule nzima, kila darasa na ukurasa wake: namba, jina, asilimia ya mwaka. Majina yalifuata utaratibu wa kuandikishwa mwezi wa tisa, yaani aliyeleta minervali (karo ya shule) kwanza namba 1, aliyejikokota mpaka mwezi wa kumi na moja namba 47. Kwa kuwa mega za mwalimu haziishi wiki, nikaipitia kila simu nikaweka faili ibaki ndani hata bila intaneti. Na kuhusu kupanga kuanzia mkubwa hadi mdogo nilisema mara ya kwanza, nikarudia, walimu ni mashahidi: shika jedwali zima. Ukishika safu moja, hiyo moja itatembea, zingine zitabaki zimekaa. Wote waliitikia. Direkta alikuwa ametoka nje kupokea simu.

Ikafika proklamasio, siku ya kutangaza matokeo, tarehe 2 Julai. Huku kwetu Julai ni baridi na vumbi. Asubuhi watu wanatoka na majaketi, saa tano wanayafunga kiunoni. Uwanja ulijaa. Kina mama na vitenge vya sare, kina baba wamekaa kwa kujitenga kidogo kama watu wasiojali, na kila familia ina kopo la poda mfukoni, maana mtoto akishinda humwagiwa poda kichwani mpaka asijulikane kama ana nywele. Mama wa vitumbula, ambaye huuza kwenye lango la shule tangu shule haijapakwa rangi, alikuwa na beseni lake na mfuko wa unga wa ngano, tayari kwa soko kubwa la mwaka. Mimi nilishika mikro na bafu, yaani spika za muziki. Kazi hiyo nililipwa, niseme ukweli.

Direkta akapanda jukwaani bila karatasi hata moja. Akanyanyua simu juu ili wazazi waione.

"Shule yetu imeingia katika teknolojia," akasema. Makofi. Akaeleza kwamba usiku ule amepanga la tano yeye mwenyewe, kwa kidole chake, kisha chaji ikamwishia. Madarasa mengine atayapanga hapahapa mbele ya macho yetu. La sita wasubiri matokeo ya mtihani wa taifa. Tunaanza na la tano.

"Wa kwanza, asilimia themanini na nne..." na akataja mtoto wa mama wa vitumbula.

Kimya. Mtoto mwenyewe hakusimama. Ni kijana mzuri, mchangamfu, anajua kuhesabu chenji za vitumbula bila kukosea hata faranga, ila akipewa hesabu isiyo na vitumbula hulala. Mwenzake akamsukuma kwa kiwiko. Yeye akauliza, "Mimi?" na mikro ikalinasa.

"Baba Direkta, rudilia," Mama Mwalimu wa la tano akasema kutoka safu ya walimu, macho yamemtoka.

Direkta alidhani anaombwa heshima. Akarudilia kwa sauti ya juu zaidi, na mara hii akatanguliza neno "mheshimiwa".

Mama wa vitumbula ndipo alipoamini. Alipiga kigelegele ambacho bafu zangu hazijawahi kutoa. Akamshika mwanawe, akammwagia poda, shangazi wakamwaga za kwao, majirani wakaazima za wengine wakamwaga, mpaka kijana akawa anapiga chafya nyeupe. Kisha mama yake akainua beseni kichwani, akazunguka uwanja mzima. "Kuleni! Kuleni! Leo hakuna kulipa!" Watu wakala. Direkta akaletewa sahani jukwaani, akawa anasoma huku anatafuna: wa pili, wa tatu, wa nne. Nami nilikula. Vilikuwa vya moto.

Alipofika kwenye wa tisa, mama mmoja alisimama katikati ya uwanja. Binti yake ndiye aliyekuwa akiongoza darasa lile mwaka mzima, kila mtu alijua, na alikuwa bado hajatajwa. Mama hakulia wala hakutukana. Alianza kuonyesha watu kwa kidole, mmoja mmoja, kama anayehesabu kuku wake jioni.

"Wewe mama, mutoto yako wa tano? Ile siku ya kuandikisha ulikuwa mbele. Wewe, wa sita: ulikuwa ku mugongo yake, na ule mwavuli wako mwekundu. Wewe baba, wa saba, ulipigana na huyu wa nane juu ya fasi. Munakumbuka? Wote mungali mumepangana vilevile!"

Watu wakageuka kutazamana. Baba wa wa saba akamtazama baba wa wa nane. Kweli, walipigana.

"Ni foleni ya minervali!" sauti ikatoka nyuma. "Banapanga na makuta!"

Uwanja ukawaka. Waliolipa mwezi wa tisa wakasema hata kama, kuna ubaya gani. Waliochelewa wakataka kurudishiwa pesa. Baba mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa bado hajatajwa, alisimama juu ya kiti akaapa kwamba mwaka ujao atalala getini tangu mwezi wa nane, mtoto wake awe daktari. Direkta aliendelea kusema "mashini haidanganyi, mashini haidanganyi", na kila aliposema, ndivyo watu walivyosogea jukwaani.

Daftari za pointi? Zilikuwa ofisini, Direkta alizikusanya zote ili kuonyesha kwamba hazihitajiki tena. Ofisi? Imefungwa. Ufunguo alikuwa nao sentineli, mlinzi wa shule, na sentineli alikuwa mtaa wa Ruashi, kwenye proklamasio ya mtoto wake mwenyewe. Bulletini, zile ripoti za watoto, zilikuwa bado kwa mchapishaji.

Ndipo Mama Mwalimu alipofungua simu yake. Akasogeza macho karibu na kioo, akafuata ufa kwa kidole, akapiga kelele: "Lakini kwangu si hivi! Kwangu binti ana themanini na nne! Huyu kijana wa poda ana hamsini na mbili!"

Nilielewa palepale. Direkta alishika safu ya asilimia peke yake. Pointi zilipanda na kushuka, majina yakabaki yamekaa kwenye foleni yao ya mwezi wa tisa. Simu zote zenye mega zilipokea balaa hilo usiku uleule. Ya Mama Mwalimu haikupokea kwa sababu hakuwa na mega tangu Jumatano. Umaskini wake ulikuwa umeihifadhi shule.

"Kwa nini kwako ni tofauti?" Direkta akauliza.

"Sijui, Baba Direkta. Mega ziliniishia."

Hapo baba mmoja mkarimu, Mungu ambariki lakini si sana, akatoa simu yake. "Mama Mwalimu, ungetuambia! Namba yako ninayo kwenye grupu ya wazazi. Nakutumia giga moja sasa hivi."

Data kwenye simu ile ilikuwa imewashwa muda wote. Kilichokosekana ni mega tu. Giga ikifika, simu itavuta jedwali la Direkta na kuvisomba vyote, na mimi niko upande wa pili wa uwanja, nimezungukwa na nyaya. Nikapaza sauti kwenye mikro: "Usitume!" Ila muda huo mikro ilikuwa imeshikwa na mtu aliyetaka kurudishiwa minervali.

Nikakimbia. Nikaruka benchi, nikapita kati ya shangazi wawili wenye poda, nikaipokonya simu mkononi mwa mwalimu.

Mama Mwalimu ni mtu wa Katuba. Akipokonywa simu hafikirii mara mbili.

"Mwizi!"

Mjini kwetu neno hilo halina rufaa. Kabla sijageuka, mikono kama sita ilikuwa imenishika kola, mmoja amenishika sikio, na mtoto amening'inia mguuni. Nami kidole gumba kinatafuta alama ya ndege. Nilikuwa nimenyanyuliwa kutoka ardhini nilipoibonyeza. Simu ikaingia mode avion, na baba mkarimu akatangaza kwa furaha: "Imeenda!"

"Ni muhandisi huyo! Mwacheni, ni muhandisi!" Direkta akapiga kelele kutoka jukwaani, na kwa mara ya kwanza cheo hicho kikanisaidia kitu. Wakaniachia, isipokuwa yule wa sikio, ambaye alisema anangoja maelezo kwanza.

Maelezo niliyatoa kwa mikro. Nikafungua jedwali katika simu yenye ufa, nikashika safu zote tatu, nikapanga. Majina na asilimia vikatembea pamoja, na mama yule aliyekuwa anaonyesha watu kwa kidole alisimama begani kwangu akisimamia kila mguso. Ufa ulipita juu ya tarakimu ya kwanza ya karibu watoto kumi, lakini kwa hao Mama Mwalimu hakuhitaji kioo, alijua kwa kichwa. Alisoma yeye. Direkta alimshikia mikro.

Binti akawa wa kwanza. Shida ikawa poda: yote ilikuwa kichwani kwa mtu mwingine. Basi shangazi wa binti wakamwendea kijana, kwa adabu kabisa, wakamkung'uta, wakampaka binti ile waliyoipata. Kijana hakukataa. Alitokea wa thelathini na moja, na aliposikia kwamba hamsini na mbili maana yake amepita, alishangilia kuliko alivyoshangilia mara ya kwanza. Mara ya kwanza hakuamini hata kidogo, aliniambia baadaye, ila aliona si vizuri kumkatiza Direkta.

Mama yake alikuwa amekaa kando, beseni tupu miguuni. Nilidhani ana huzuni, nikaenda kumpa pole. Akanitolea simu yake.

"Muhandisi, ile kitu ya kupanga, unaweza kuiweka na humu?"

"Ninaweza, Mama."

"Basi andika. Mimi nitataja wenye walikula, na kila mtu alikula ngapi." Akataja, hakusahau mtu: kina baba waliojifanya hawali, mwalimu wa la pili aliyeficha viwili kwenye pochi, mimi vinne. Nilipomaliza akaniambia, "Panga kuanzia mwenye alikula mingi. Na shika jedwali lote, nakuangalia."

Nikashika lote. Akaichukua simu, akapanda jukwaani, akampokonya Direkta mikro.

"Wa kwanza," akasoma, "vitumbula tisa: Baba Direkta!"

Na mkono wa pili akauzamisha katika mfuko wa unga wa ngano.