Ukumbi Usimame kwa Miguu Yake

Bango limeshasimikwa Kaloleni, Arusha, kwenye kiwanja cha kikundi cha maigizo kinachotaka kujenga kwa ubia na mwekezaji: kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka burudani kwenda makazi na biashara. Pembeni imetundikwa picha ya jengo la ghorofa nane lenye vioo mbele, na chini kabisa pameandikwa "ukumbi wa matumizi mbalimbali". Watu wanalumbana kuhusu urefu wa jengo. Mimi urefu haunisumbui. Kinachoniudhi ni hayo maneno manne, kwa sababu ndani yake ndimo kikundi kitakamofia, tena kwa saini yake chenyewe.

Nianze na ninachokubali, ingawa kwa shingo upande. Ukumbi wa sasa umechoka. Masika yakianza, bati tupu linapiga kelele hadi mwigizaji aliye mita tano mbele yako husikii anachosema, na onyesho linasimama. Mlango wa watazamaji ni mmoja. Nyaya za taa zimeungwa kwa selotepu. Kikundi kinachoishi kwa viingilio hakina ubavu wa kujenga upya, na hicho kiwanja, mwendo wa miguu kutoka stendi, ndicho mali yake pekee. Tangu ijulikane kwamba Afcon ya 2027 itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na kwamba Arusha inajengewa uwanja, madalali hawalali. Nyumba za vyumba sita zenye ua katikati zinageuka lodge na fremu. Kusema "hatuingii ubia na mtu" ni kusubiri paa lidondoke. Haya, ubia uwepo.

Sasa tazama jinsi majengo ya namna hii yanavyochorwa. Tuchukulie kiwanja cha mita 30 kwa 40. Msanifu anaanza na vyumba vya juu, kwa kuwa ndivyo vitakavyouzwa, na vyumba vinapangwa juu ya nguzo kila mita 6. Nguzo haziishii hewani. Zinashuka mpaka kwenye msingi, zikipita katikati ya huo ukumbi. Nguzo moja ya ndani inabeba mita za mraba 36 za kila sakafu. Zege, kuta, vigae na watu ni kama tani 1.1 kwa mita ya mraba, yaani karibu tani 40 kwa sakafu moja. Sakafu saba juu ya ukumbi ni tani 280 kwenye nguzo moja iliyosimama mbele ya macho ya mtazamaji. Ukitaka kuiondoa, unahitaji bimu la zege lenye kimo cha mita 2 au zaidi, limejaa nondo, livuke ukumbi mzima na kubeba mzigo huo wote. Mkadiriaji majenzi akitaja bei yake, kikao kinanyamaza. Ndipo inaposemwa, "Nguzo chache zitabaki, tutazipamba." Kila nguzo inayobaki inafuta safu nzima ya viti nyuma yake.

Halafu kimo. Ghorofa ya chini ya maduka huwa na mita 3.6 kutoka sakafu hadi sakafu. Toa bimu sentimita 60, toa dari na mabomba, unabaki na 2.9 au pungufu. Inua jukwaa sentimita 90 ili wa nyuma waone: mwigizaji amebakiwa na mita 2 juu yake. Mcheza ngoma akiruka anagonga taa. Na taa yenyewe haifanyi kazi ikiwa hapo. Ili uso uonekane bila kivuli cheusi machoni, mwanga unapaswa kushuka kwa pembe ya digrii 45 hivi, na kwa jukwaa lenye kina cha mita 8 hilo halipatikani bila uwazi wa angalau mita 6 kutoka mbao za jukwaa hadi bomba la taa. Mita 7 ni salama zaidi. Chumba cha mita 2.9 kinafaa semina na kitchen party. Igizo halimo humo.

Na sauti ndiyo itakayomaliza mchezo. Ngoma kubwa inatoa sauti nzito ambayo ukuta mwembamba hauisikii hata kidogo. Inaingia kwenye slabu, inapanda na nguzo, inatokea chumbani kwa mtu aliye ghorofa ya tatu akimlaza mtoto. Watu wanabandika trei za mayai ukutani wakidhani wamezuia. Trei na sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba, basi. Sauti inayotoka nje hazizuii. Kinachozuia ni uzito na utengano: kuta mbili za tofali zenye nafasi wazi katikati, sakafu iliyokalishwa juu ya mpira, na zaidi ya yote, jengo lisiloshikana na la jirani. Ukumbi ulio chini ya mnara umeshikana na mnara kwa kila nguzo. Mwenye nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo wa benki atalalamika, na atakuwa na haki ya kulala. Mazoezi yatasogezwa mchana, kisha ngoma zitapigwa marufuku, kisha ukumbi utakodishwa kwa duka la samani. Kelele hizi zinasafiri upande wa pili pia. Bomba la choo cha ghorofa ya juu likipita darini, kila anayevuta maji usiku anaingia kwenye tukio la kimya la igizo.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na nalisisitiza kwa kila mwanakikundi atakayesoma hapa kabla ya kusaini: ukumbi utoke chini ya mnara. Usimame pembeni, kwa msingi wake, kwa paa lake, kwa mlango wake.

Inawezekana kwenye mita 30 kwa 40 zile zile. Acha mita 3 mbele. Mnara uwe na kina cha mita 15 na upana wa 23, uache njia ya mita 4 upande mmoja kwa ajili ya Fuso na gari la zimamoto, na mita 3 upande mwingine. Nyuma yake, ukumbi wa mita 19 kwa 24, kisha karibu mita 3 hadi mpakani. Ulaze ukumbi ubavu: jukwaa lenye kina cha mita 8 na uwazi wa mbele wa mita 9, lenye mita 4 kila upande ambako waigizaji wanasubiri na vifaa vinakaa, kisha safu 12 za viti 18, kila safu sentimita 90, njia mbili za kupita za mita 1.2. Hao ni watazamaji 216, na pembeni inabaki nafasi ya vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo. Paa ni kenchi za chuma zenye kimo cha mita 1.5 hivi, kazi ambayo mafundi wa kuchomelea wa Arusha wanaifanya kila siku kwenye maghala. Chini ya bati weka pamba ya kuzuia sauti milimita 100, kisha bodi mbili za milimita 12 zenye kuacha uwazi juu yake. Bodi moja haitoshi, mvua ya Aprili itaipita. Kati ya ukumbi na mnara acha mwanya wa sentimita 10 kuanzia kwenye msingi hadi juu, na fundi asiujaze mota wala mabaki ya tofali, maana kokoto moja iliyobanwa hapo inavusha sauti. Mwanya huo una kazi nyingine. Tuko ukingoni mwa Bonde la Ufa. Tetemeko la Julai 2007 lililoanzia upande wa Gelai lilisikika hadi hapa, na majengo mawili ya vimo tofauti yakitikisika yanagongana yasipoachiwa nafasi.

Mwekezaji atasema anapoteza eneo. Ni kweli, anapoteza, sitaficha. Lakini asijumlishe kana kwamba sakafu ya mita 24 kwa 34 inauzika yote: vyumba vya katikati havina dirisha, na akiweka uwazi wa kuingiza mwanga amekula eneo lake mwenyewe. Mnara wa kina cha mita 15 una vyumba pande mbili za korido, vyote vina hewa na dirisha. Hana bimu la mita 2 la kulipia. Na mipango ya eneo ikimruhusu, aongeze ghorofa juu badala ya kutanuka. New York ina utaratibu unaofanana: kumbi za maigizo za eneo la Broadway zinaweza kuuza haki ya ujenzi ambayo hazijaitumia kwa viwanja vingine vya eneo hilo, kwa sharti kwamba ukumbi unabaki kuwa ukumbi. Huko huko, jumba la maigizo la Palace, ambalo ndani yake lilikuwa limelindwa kisheria tangu 1987, liliinuliwa zima zima kama mita 9 mwaka 2022 ili maduka yapite chini. Wahandisi walifanya hivyo kwa sababu kubomoa hakukuwa chaguo. Mhandisi hufuata sharti alilopewa. Wetu mpaka sasa hawajapewa sharti lolote.

Sasa hati, na hapa naomba utulivu kabisa. Mwekezaji haji na fedha zote mfukoni. Anakopa, na benki inataka rehani, na rehani ni hati ya kiwanja. Mauzo yakikwama ghorofa ya tano, benki inauza kilichowekwa rehani, pamoja na ardhi ya kikundi, na kikundi kinabaki na nakala ya mkataba wa ubia. Ukumbi ulio ndani ya mnara hauwezi kukwepa hili. Ukiahidiwa hati ya sehemu ya jengo chini ya sheria ya 2008, kumbuka kwamba hati hiyo inafuata jengo lililokwisha kujengwa. Kipindi chote cha hatari kinapita ukiwa mikono mitupu. Ukumbi wenye msingi wake ni habari nyingine. Kiwanja kinagawanywa kwanza, kwa idhini ya mipango miji, zinatoka hati mbili. Ya nyuma, pamoja na haki ya kupita kwenye ile njia ya mita 4, inabaki kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na haiguswi na mkopo wowote. Ya mbele ndiyo inayoingia kwenye ubia. Mnara ukianguka kibiashara, onyesho la Jumamosi linaendelea.

Mpangilio huo unatatua jambo lingine pia: ukumbi ujengwe kwanza. Jengo la chuma la namna hii ni kazi ya miezi kumi hivi. Mnara ni miaka. Kikundi kikikaa miaka mitatu bila jukwaa, vijana wanaenda kwenye harusi na matangazo, hawarudi. Mabanda ya mbele yanayotumika sasa yabomolewe siku ukumbi wa nyuma unapofunguliwa, si kabla.

Kwenye mkataba, neno "ukumbi" lifuatwe na mchanganuo wa kila kitu, la sivyo mtakabidhiwa kuta nne. Sakafu ya jukwaa iwe mbao mbili kwa tatu zilizokaa juu ya vipande vya mpira, kisha plywood ya milimita 18 mara mbili, rangi nyeusi isiyong'aa. Kigae juu ya zege ni rahisi kwa mkandarasi, na kinaua magoti ya wacheza ngoma. Umeme wa njia tatu wenye mita yake, usiunganishwe na mota ya lifti, la sivyo spika zitanguruma kila lifti ikipanda. Mabomba ya taa ya kipenyo cha milimita 48, yafungwe kwenye kenchi zilizokokotolewa kubeba uzito huo tangu mwanzo. Mlango wa mizigo mita 2.4 kwa 3, na jenereta la mnara lisiwekwe hapo. Milango miwili ya dharura inayofunguka kwenda nje. Asilimia 5 ya malipo ya mkandarasi ishikwe hadi kipindi cha matazamio, cha kurekebisha kasoro, kiishe, na kipindi hicho kipite masika moja kamili. Kila anayenunua chumba mbele asaini kwamba anajua kuna ngoma nyuma hadi saa nne usiku. Uingereza tangu 2018 sera yake ya mipango inamtwika anayekuja na makazi mapya jukumu la kujikinga na kelele zilizomtangulia, na halmashauri yetu inaweza kuandika sharti kama hilo kwenye kibali.

Kuchimba maegesho ya chini kandokando ya nyumba za zamani za majirani, msikubali kabisa.

Muda wa pingamizi umeandikwa kwenye bango. Yeyote anaweza kwenda ofisi ya mipango miji ya jiji kuomba kuona michoro. Usiangalie picha ya vioo. Omba mchoro wa mkato, ule unaoonyesha jengo kama limepasuliwa katikati, utafute namba kati ya sakafu ya chini na ya kwanza. Ukikuta 3.6, andika pingamizi siku hiyo hiyo.