Njia ya basi ni ya basi, hata uwe na V8

Jana niko kwenye basi namba 53, Old Kent Road hapa London, foleni imeganda, sisi tunateleza tu kushoto, pembeni kuna Range Rover mpya dereva yuko peke yake anatuangalia tunavyompita. Raha niliyosikia! Halafu hapohapo nikakumbuka njia ya mwendokasi ya Kimara, Dar, roho ikaniuma.

Maana hapa hakuna ukuta jamani. Ni mstari mweupe mnene, kibao cha saa ambazo njia ni ya basi, na kamera. Ukiingiza gari yako barua inakufuata nyumbani na picha ya namba, pauni 160, ukilipa ndani ya siku 14 inashuka mpaka 80. Hakuna cha "afande tuyamalize". Sisi tumeyamwagia zege mabasi ya mwendokasi njia yao Morogoro Road na bado utakuta bodaboda, bajaji, na V8 ya mkubwa imewasha hazadi inapigia honi basi la mwendokasi lenye watu zaidi ya mia wamebanana.

Najua mtasema huyu kapanda ndege juzi leo anatufundisha. Sijifanyi mzungu, nimekulia Mbezi, nimegombania daladala na sare ya shule konda anatusukuma wanafunzi tusipande. Na nasema wazi, mwendokasi ulivyochorwa unaipita hii ya London: unakata tiketi kabla ya kupanda, kituo kiko usawa wa mlango, na pale kituoni basi linaweza kulipita lenzake, wakati 53 likikuta lingine limesimama mara nyingi linasubiri. Tunao tangu 2016, na tuzo ya kimataifa ya usafiri Dar ilipata 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Ndo maana nakasirika.

"London wana treni za chini." Old Kent Road hazifiki, watu wanategemea basi hivyohivyo. "Barabara zetu finyu." Za huku nyingi ni za enzi za farasi, ila walikubali kuyabana magari binafsi ili basi lipite.

Kuna anayesema mabasi yenyewe machache, njia tupu, nisipite kwa nini? Basi tupige kelele mabasi yaongezwe! Ukipita wewe na wa nyuma yako anapita, siku mabasi yakija yatakuta foleni humohumo. Wekeni kamera, faini iende kwa namba ya gari, ziwemo na za serikali. Na msiniambie mkubwa ana haraka, nesi wa Muhimbili anayewahi zamu ya asubuhi naye ana haraka, na yuko humo kwenye basi, amesimama toka Kimara.