Simu ya intaneti: bei imeshuka, mzigo umehama

Mtu akiuliza kama aachane na simu ya waya ahamie simu ya intaneti, mara nyingi hujibiwa kwa hesabu ya fedha. Laini ya zamani hulipiwa kila mwezi, upige usipige. Simu za nje ya nchi huhesabiwa kwa dakika. Ofisi ikiongeza mfanyakazi, fundi lazima aje avute waya mwingine. Simu ya intaneti, kwa upande wake, inapita kwenye njia ileile ambayo umeshailipia kwa ajili ya barua pepe na video. Hesabu hiyo ni ya kweli na siipingi. Ila kuna mstari mmoja haumo: kazi nyingi ambazo kampuni ya simu ilikuwa ikizifanya kimyakimya sasa unazifanya wewe, au hazina wa kuzifanya kabisa.

Chukua umeme. Simu ya mezani ya kizamani haikuchomekwa kwenye soketi yoyote ya umeme. Volti 48 zilitoka kwenye kituo cha kampuni ya simu, zikaja kwa waya uleule uliobeba sauti, na kituo hicho kilikuwa na mabetri na jenereta zake. Ndiyo maana nyumba iliweza kuwa gizani na simu ikalia. Simu ya intaneti inataka ruta iwe inawaka, kisanduku kinachobadili sauti kuwa data kiwe kinawaka, na mara nyingi simu yenyewe nayo iwe inawaka. Umeme ukikatika, vyote hivyo vinazimika kwa pamoja, na hicho ndicho kipindi ambacho mtu ana sababu nzito ya kupiga simu. Betri ya akiba ya kuendesha ruta kwa saa chache inatibu sehemu kubwa ya ugonjwa huu, lakini ni wewe wa kuinunua, kuikagua, na kukumbuka kwamba betri huchakaa.

Waingereza walilionja jambo hili kwa uchungu. Mtandao wao wa simu za waya wa shaba ulipangwa kuzimwa mwishoni mwa 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi Januari 2027. Katikati ya safari, Desemba 2023, kampuni kubwa za simu zilikubali kusimamisha kuwahamisha wateja kwa lazima, kwa sababu vifaa vya dharura vya wazee na wagonjwa, vile vya kubonyeza kitufe ukianguka, vilikuwa vimeshindwa kufanya kazi baada ya laini kubadilishwa. Kifaa kilikuwa kizima na laini ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kujiuliza kama viwili hivyo bado vinaelewana.

Jambo la pili ni kujua mpigaji yuko wapi. Waya wa zamani uliishia kwenye ukuta wa nyumba fulani, hivyo aliyepiga namba ya dharura alijulikana alipo hata kama hakuweza kusema. Kisanduku cha simu ya intaneti unaweza kukitia begini, ukakichomeka mji mwingine, na namba ikabaki ileile. Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema, kwa gari la wagonjwa ni fumbo. Mwaka 2005 nchini Marekani, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliwalazimisha watoa huduma wa simu za intaneti zinazoungana na mtandao wa kawaida wa simu kuunganisha wateja wao na 911, namba ya dharura ya huko, pamoja na kuchukua anwani zao. Hata hivyo anwani hiyo ni ile uliyoijaza mwenyewe. Ukihama usiibadilishe, msaada unaenda ulikokuwa ukiishi zamani.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo malalamiko yamejaa na ndipo watu wanapokosea zaidi katika kutafuta mchawi. Sauti yako inakatwa vipande, kwa kawaida 50 kwa kila sekunde, kila kimoja kikibeba milisekunde 20 za maneno. Kila kipande kinatiwa kwenye pakiti yenye anwani yake na kutumwa peke yake. Kwa kodeki, yaani kanuni ya kugeuza sauti kuwa data, ya kale iitwayo G.711, iliyoidhinishwa mwaka 1972 na bado inafanya kazi kila siku, kipande kina baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani. Kodeki ya G.729 inaibana sauti hadi baiti 20 tu, lakini anwani inabaki 40, yaani bahasha nzito mara mbili ya barua iliyomo. Kwa hiyo mtoa huduma akikuambia simu yake inatumia kilobiti 8 kwa sekunde, jua njiani zinapita angalau 24. Kwa G.711 ni kama 87 ukihesabu kila kitu, kila upande. Bado ni kidogo mno ukilinganisha na video.

Basi kwa nini sauti inakatika kwa mtu mwenye megabiti 50?

Tazama ofisi saa nne asubuhi. Mhasibu amebonyeza kitufe cha kupakia nakala za mafaili ya mwezi kwenye seva ya mbali. Meza ya pili kuna mtu anaongea na mteja. Mafaili na maneno yanatoka kwa mlango mmoja, na mlango wa kutoka katika vifurushi vingi ni mwembamba kuliko wa kuingia. Ruta inapanga foleni. Pakiti za mafaili hazijali kusubiri, maana faili likifika sekunde mbili baadaye bado ni faili. Pakiti ya sauti ikichelewa hivyo imeshakuwa takataka, kwa kuwa sentensi imepita. Mteja anasikia “ku... zo... sho,” anaanza kusema “haloo, haloo, unanisikia?”, na wewe unamsikia vizuri kabisa, kwa sababu upande wa kuingia uko wazi. Hapo ofisi nzima inamlaumu mteja kwa simu yake mbovu. Mbovu ni ya kwenu.

Dawa yake haihitaji kifurushi kikubwa zaidi. Ruta nyingi zina sehemu ya kuipa sauti kipaumbele ili ipite mbele ya mafaili. Simu ya mezani ichomekwe kwa kebo badala ya kutegemea waifai inayogombaniwa na kila kifaa cha chumbani. Na anayepima intaneti yake apime kasi ya kupakia, tena wakati watu wanafanya kazi, maana kipimo cha saa tano usiku kinampa kila mtu alama za juu.

Kuna kikomo kimoja ambacho kipaumbele hakikivunji, nacho ni umbali. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa cha mmoja hadi sikio la mwingine ili mazungumzo yaende bila kusumbua. Satelaiti za kale zilizosimama angani karibu kilomita 36,000 juu yetu zinakula milisekunde 240 kwa kupanda na kushuka tu, hata kabla ruta haijafanya lolote. Wawili wanaanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, kisha wanaanza tena kwa pamoja. Satelaiti za chini, zinazozunguka mamia kadhaa ya kilomita juu ya ardhi, zimeondoa sehemu kubwa ya adha hiyo.

Tusiisemee simu ya waya kana kwamba ilikuwa malaika, maana ilibeba mawimbi ya sauti ya kati ya hetsi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 tu. Herufi kama f na s zinaishi juu ya hapo, ndiyo maana kwa simu ya zamani “fikia” na “sikia” vilikuwa neno moja, na kila jina geni lilibidi litajwe herufi kwa herufi. Kodeki za upana mkubwa, ikiwemo Opus iliyokubaliwa kuwa kiwango mwaka 2012, zinapanda hadi hetsi 7,000 na kupita. Njia ikiwa safi, simu ya intaneti inaishinda ya waya kwa mbali, na ukikaa siku nzima unasikiliza wateja, masikio yako yatakuambia tofauti ifikapo jioni.

Kwa biashara naona mizani imelalia upande mmoja, na sababu si bei ya dakika. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Mark Spencer, aliyekuwa na kampuni changa, hakuweza kumudu mtambo wa kuunganisha simu za ofisi, akaamua kuandika programu ya kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida. Akaiita Asterisk na kuiachia bure. Kilichokuwa kabati la chuma lenye fundi wake maalumu kikawa programu. Tangu hapo duka la watu watatu linaweza kuwa na namba moja inayolia mezani kwa wote, ikikosa mtu inahamia simu ya mkononi, usiku inapokea ujumbe, na mfanyakazi aliye nyumbani anapokea kama yuko kaunta. Mfanyakazi akiondoka, namba yake ya ndani inafutwa kwa dakika moja. Hayo laini ya shaba isingekupa kwa bei yoyote ndogo.

Lakini mtambo ukishakuwa programu iliyo wazi kwenye intaneti, wako wanaoubishia hodi usiku na mchana. Wadukuzi wana vyombo vinavyozunguka mtandaoni kutafuta mitambo ya simu na kujaribu nywila za kivivu: namba ya ndani 101, nywila 101. Wakiingia, hawana haja ya kusikiliza siri zako. Wanapiga simu kwenda namba ghali za nje ambazo wao wenyewe wana mgawo katika mapato yake, laini kumi kwa mpigo, na wanapenda ijumaa jioni kwa sababu hakuna atakayeona hadi jumatatu. Bili inakuja kwa jina lako, na mtoa huduma atakuuliza nywila ilikuwa ipi. Kabla hujamruhusu mtu yeyote kupiga simu ya kwanza, funga nchi zote usizopigia, weka kikomo cha matumizi ya siku, na tumia nywila ndefu ambazo hakuna binadamu anayehitaji kuzikariri. Mwenye biashara asiyetaka kazi hiyo asiendeshe mtambo wake mwenyewe. Alipie huduma inayoendeshwa na wengine, aone gharama hiyo kama mshahara wa mlinzi.

Kuna kichekesho kimoja hapa. WhatsApp, ambayo familia inaitumia kuulizana nani anapika leo, imefunga simu zake kwa usimbaji fiche kutoka mwisho hadi mwisho tangu 2016, yaani wanaoongea tu ndio wanaosikia. Simu nyingi za ofisi za SIP, kiwango cha pamoja cha kuunganisha simu za intaneti, zinapita njiani zikiwa wazi, hadi mtu akumbuke kuwasha usimbaji. Wakili anayejadili kesi kwa simu ya mezani ya kisasa anaweza kuwa na faragha pungufu kuliko mpwa wake.

Nyumbani hoja zinageuka. Nyumba nyingi zimeshahamia intaneti bila kutangaza, kwa kutumia programu za simu ya mkononi. Hata simu ya kawaida ya mkononi ikipitishwa kwenye mtandao wa 4G ni pakiti za data, tofauti ikiwa kwamba kampuni ya simu inazipa kipaumbele na kuzichunga. Kwa kaya ambayo kila mtu ana simu mfukoni, kulipia tena simu ya intaneti ya mezani ni kununua mwavuli wa pili kwa mvua moja. Inaleta maana kwa wachache: mwenye ndugu wa nje anaowataka wapige namba ya mji wao kwa bei ya kwao, anayefanya biashara sebuleni na hataki namba yake binafsi ienee, au nyumba ambamo mawimbi ya simu ya mkononi hayafiki lakini intaneti ya waya inafika.

Programu za bure nazo zina shida yake, ambayo haionekani hadi siku yake. Skype ilianza 2003, ikafundisha dunia kupiga simu kwa kompyuta, Microsoft ikainunua 2011 kwa dola bilioni 8.5, na Mei 2025 ikafungwa. Iliendeshwa kwa mfumo wake wa siri, hivyo hakuna mtoa huduma mwingine ambaye mteja angehamia na kuendelea palepale. Kiwango cha SIP, chenye toleo la kwanza la 1999, ni wazi kwa wote: simu uliyonunua leo unaweza kuiunganisha kwa mtoa huduma mwingine kesho. Nikilazimika kuchagua kati ya huduma rahisi iliyofungwa na ghali kidogo iliyo wazi, kwa familia nachukua ya kwanza, kwa biashara ya pili, kwa sababu namba ya biashara ni kama bango la dukani.

Na hiyo namba ndiyo inayopotea kizembe kuliko vyote. Mtu anafurahia huduma mpya, anaipigia kampuni ya zamani kusitisha laini, kisha anaomba namba ihamishwe. Laini ikishakatwa, huenda hakuna tena namba ya kuhamisha, na inaweza kupewa mtu mwingine. Acha laini ya zamani iendelee kulipiwa, omba uhamisho kupitia mtoa huduma mpya, subiri simu ya kwanza iingie kwa njia mpya, kisha zima umeme wa ruta ujionee betri ya akiba inashika kwa muda gani. Baada ya hapo ndipo uwapigie wale wa zamani.