Minolta Vest ya 1934: kopi tu au ubunifu wenyewe?

Kila mada ya kamera za Kijapani za kabla ya vita ikiguswa, lazima atokee mtu wa kusema wale jamaa walikuwa wanakopi Wajerumani na Wamarekani tu, ubunifu ulikuja baada ya 1945. Nakubali kwamba hiyo kauli ina ukweli mwingi, tena mwingi kuliko mashabiki wa Minolta, kampuni ya kamera ya Kijapani, wanavyopenda kukiri, ila kuna kamera moja ndogo inayonifanya nisiimeze yote, na ni kamera ambayo hata wakusanyaji wengi wanaipita bila kugeuka: Minolta Vest ya mwaka 1934.

Kwanza hilo jina Vest. Linatoka kwa Kodak, waliotoa Vest Pocket Kodak mwaka 1912, kamera ya kukunja inayoingia kwenye mfuko wa kizibao, ikitumia filamu ndogo ya kuzungushwa iitwayo 127 na kutoa picha 8 za sentimita 4 kwa 6.5. Japani iliingia ikapendwa vibaya mno, mpaka neno "besuto" likawa jina la saizi yenyewe ya filamu, na ile yenye lenzi rahisi ya kipande kimoja ikaitwa "besutan", watu wakawa wanaing'oa kifuniko cha mbele ya lenzi kwa makusudi ili picha itoke laini laini kama ndoto. Yaani soko lilikuwepo tayari. Konishiroku, kampuni iliyoanza mwaka 1873 kama duka Tokyo na baadaye ikaitwa Konica, wakaja na kamera ya Pearlette mwaka 1925, ambayo ukiiweka pembeni ya kamera ya Piccolette ya Mjerumani hata mtoto ataona ndugu. Mwaka 1934 huohuo wakatoa Baby Pearl, nayo imeifuata Baby Ikonta ya Zeiss, kampuni ya Ujerumani, hatua kwa hatua. Hapo mtu anayesema kopi ana haki yake, sibishani.

Minolta wenyewe ndo usiseme. Kazuo Tashima, mtoto wa familia ya wafanyabiashara, alianzisha kampuni mwezi wa 11 mwaka 1928 na jina lake lilikuwa wazi kabisa, Nichidoku Shashinki Shoten, yaani duka la kamera la Japani na Ujerumani. Alikuwa na Wajerumani wawili, Willy Heilemann na Billy Neumann, na kamera yao ya kwanza, Nifcalette ya 1929, ilikuwa na lenzi na shata (kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga) kutoka nje. Sasa hapo cha Kijapani ni nini? Mwili na mikono ya mafundi. Afu ukija mbele unakuta Semi Minolta inafuata Ikonta, Minoltaflex ya 1937 imechungulia sana kwa Rollei, Auto Press Minolta imeegemea Plaubel Makina, zote hizo za Wajerumani. Ukiipanga hii orodha mezani, kesi ya kopi inaonekana imeisha kabla haijaanza.

Ila katikati ya hiyo orodha ndo inakaa Vest, na hapa naomba tutulie kidogo.

Karibu kamera zote za kukunja za wakati ule zilitegemea mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kama wa kodiani unaounganisha lenzi na mwili ili mwanga usiingie. Mvukuto ni kazi ya mkono, unakata, unabandika, unakunja, unakausha, kila mmoja unataka jicho la fundi. Minolta Vest haina mvukuto kabisa. Wakatengeneza maboksi ya bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, yanayoingiana, kubwa linameza la kati, la kati linameza dogo, kama zile seti za masufuria zinazowekwa moja ndani ya lingine, ukitaka kupiga picha unavuta mbele yanatoka kwa ngazi, ukimaliza unasukuma yanarudi na kamera inakuwa kitu cha kutia mfukoni. Chini kabisa kulikuwa na toleo la bei rahisi lenye lenzi ya kawaida isiyorekebishwa umbali, juu yake yakawepo yenye lenzi bora zaidi, na lenzi zake za Coronar zilitoka Asahi, haohao waliokuja kutengeneza Pentax baadaye.

Sasa atasema mtu, bakelaiti si mambo ya Wajapani, mkemia Baekeland alishaigundua Marekani zamani. Kweli. Na mwaka 1934 huohuo Kodak walitoa Baby Brownie, iliyochorwa na Walter Dorwin Teague, ya bakelaiti, ya filamu ileile ya 127, kwa dola 1 tu, na mwaka mmoja kabla Univex, Wamarekani wengine, walishatoa yao kwa senti 39. Kwa hiyo kamera ya plastiki halikuwa wazo la Minolta peke yake, lilikuwa hewani. Hoja hii nzito, nimekaa nayo muda mrefu. Lakini ziangalie hizo Baby Brownie na Univex, ni boksi gumu tu lenye kitundu mbele, plastiki imetumika kushusha bei basi. Minolta waliichukua plastiki ileile wakaiuliza swali lingine, je inaweza kufanya kazi ya mvukuto? Hilo halikuwa swali la Kodak. Kwangu mimi kubuni ni hapo kwenye swali, sio kwenye malighafi.

Na kwa nini waliuliza? Nadhani jibu kubwa ni pesa, na hapa wapenzi wa kamera wanapitwa kwa sababu wanaangalia lenzi tu hawaangalii uchumi. Mwezi wa 12 mwaka 1931 Japani ilitoka kwenye mfumo wa dhahabu, yaani thamani ya hela yake haikufungwa tena na dhahabu, na yen ikaporomoka, kutoka karibu dola 49 kwa yen 100 mpaka kama dola 20 mwisho wa 1932. Hebu fikiria wewe ndo Tashima, kamera yako inategemea lenzi na shata za Ujerumani afu hela yako imepoteza zaidi ya nusu ya thamani. Huna njia, unatafuta lenzi nyumbani na unapunguza kazi ya mkono popote inapowezekana. Wale Wajerumani nao waliondoka mwanzoni mwa hiyo miaka ya 30 wakafungua karakana yao ya shata hukohuko Japani, kampuni ikabadilishwa kuwa Molta, na mwaka 1933 likazaliwa jina Minolta. Tashima alipenda kusema linasikika kama "minoru ta", shamba la mpunga uliokomaa, kwa vile mama yake alimfundisha kwamba mpunga ukijaa ndo unainama. Kwa hiyo Vest imetoka kwenye kampuni iliyobaki bila walimu wake na bila uwezo wa kununua vya nje, na badala ya kukopi kwa bei ndogo zaidi wakajaribu njia ambayo hakuna aliyewafundisha. Hilo naliheshimu sana.

Lakini kuheshimu wazo sio kusema lilikuwa zuri, na hapa ndo wapinzani wananibana kweli. Bakelaiti ikidondoka sakafuni inapasuka, na ikishapasuka huwezi kuiyeyusha ukaimwaga upya, ni plastiki inayoganda mara moja tu. Mvukuto ukitoboka unaziba. Mimi ninayo kamera ya kukunja ya zamani, ngozi yake imetoboka vitundu kwenye kona kwa hii joto na unyevu wa pwani, nilitia rangi nyeusi na gundi kidogo nikaendelea kupiga picha. Kwa Vest iliyokatika ukingo sijui ningefanyaje. Na sehemu mbili ngumu zinazosuguana kila siku lazima ziachie nafasi, na penye nafasi mwanga unapita. Yaani walitatua shida ya kiwandani wakamkabidhi mteja shida nyingine.

Historia nayo inaonekana imewapa ushindi wapinzani. Minolta walirudia mtindo huo wa maboksi kwenye Minolta Six, ya filamu kubwa zaidi, baada ya hapo wakarudi kwenye mvukuto kama wenzao. Wazo lingekuwa bora si wangeendelea nalo? Swali zuri, ila nadhani halitoshi kufunga kesi, maana muda waliopewa ulikuwa mfupi mno. Mwaka 1937 vita na China vikaanza, serikali ikabana vitu vya anasa, kampuni ikawa Chiyoda Kogaku na kazi za jeshi zikachukua nafasi. Huwezi kuhukumu wazo kwa miaka mitatu ambayo nchi nzima ilikuwa inaelekea vitani.

Kwa hiyo nikiulizwa nasema hivi: kwa kamera nyingi za Kijapani za miaka ile neno kopi ni sahihi na tusilitafutie jina tamu, Pearlette ni kopi nzuri, Baby Pearl ni kopi nzuri sana, Semi Minolta pia. Vest siiweki kwenye kapu hilo. Naiweka kama jaribio la kweli lenye kasoro za kweli, na nashangaa Konishiroku na Minolta, waliopigania mfuko uleule wa kizibao miaka ya 30, walikuja kuungana mwaka 2003 wakawa Konica Minolta na mwaka 2006 wakaacha kabisa biashara ya kamera, halafu kwenye kumbukumbu za watu Pearlette ipo na Vest haipo.

Anayetaka kuijaribu mwenyewe ajue kazi ipo kwenye filamu. Kodak waliacha kutengeneza 127 mwaka 1995, na Efke wa Croatia wakafunga 2012, kwa hiyo wengi siku hizi wanachukua filamu ya 120 wanaikata gizani na kuizungushia karatasi na spuli ya zamani, yaani kile kijiti cha kuzungushia filamu. Spuli ukiipata usiitupe.